Gongo la mwanao litavunjika tu. La kuangalia ni litavunjika vipi

Swali: "Mtaalamu, salaam. Mimi ni fundi seremala, kazi nilijifunzia Mombasa, na sasa naishi Limerick, Ireland. Mwanangu wa kiume ana miaka 11 na ameupenda mchezo wa huku uitwao halingi, ule wa kupiga mpira mdogo kwa gongo bapa. Wiki mbili zilizopita gongo la mwenzake lilikatika mazoezini, kipande kikaruka na kumchana mwanangu mkono. Mama yake hataki kusikia tena habari za mchezo huo. Nataka nimtengenezee gongo kwa mikono yangu. Ninacho kipande cha mpingo nilichotoka nacho nyumbani, na mninga naweza kuupata. Au nimnunulie la plastiki? Lipi halivunjiki?"

Jibu:

Fundi, pole kwa mtoto, na umfikishie mama yake pole zangu pia. Hofu yake ni ya haki na nitaigusa huko mbele. Lakini naomba tuanze na neno lako la mwisho, "lipi halivunjiki", maana hapo ndipo mafundi wengi wazuri hupotea.

Gongo lisilovunjika lipo. Chukua bomba la chuma, likunje mwisho, umemaliza. Siku litakapokutana na vidole vya mtoto wa jirani, kitakachovunjika ni vidole. Gongo la mchezo ni la watu wawili, aliyelishika na aliye mbele yake, na nguvu isiyotoka kwa gongo kupinda au kuchanika itatafuta mahali pengine pa kutokea. Kwa hiyo mimi napolipima gongo sijiulizi kama litavunjika. Litavunjika tu. Najiulizia namna: litatoa onyo kabla? Litabaki limeshikana, au litarusha kipande chenye ncha? Tangu nianze kazi hii sijapata swali la usalama lililo na faida kuliko hilo.

Tuone kwanza ni nguvu kiasi gani tunayoizungumzia. Mpira wa halingi, ambao kwa Kigaeli huitwa sliotar, una gramu kati ya 110 na 120. Mchezaji mzima aliyeiva huweza kuutoa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa. Ukipiga hesabu, nishati iliyobebwa na mpira huo ni karibu jouli 100, sawasawa na mfuko wa sukari wa kilo moja ulioangushwa kutoka urefu wa mita 10, tuseme ghorofa ya tatu. Mwanao hafiki huko. Akipiga kwa nusu ya kasi hiyo nishati inashuka hadi robo. Lakini yote imepitia kwenye mti: imetoka begani, ikashuka kwenye mpini, ikapita shingoni pale mpini unapokutana na bapa, ndipo ikaingia mpirani. Na watoto wawili wanapougombea mpira mmoja magongo yakagongana, hakuna mpira wa kuibeba. Inabaki kwenye mbao na kwenye viganja vyao. Ndiyo maana shingo hukatika, na ndiyo maana vidole huumia.

Sasa mti. Halingi ni mchezo wa kale sana, na tangu 1884 ulipoundwa mjini Thurles umoja wa michezo ya jadi ya Ireland, Cumann Lúthchleas Gael, una kanuni na wasimamizi. Gongo lake, camán, kwa desturi hutengenezwa kwa mti wa eshi (kwa Kiingereza ash), ambao wenyeji wako huuita fuinseog. Hawakuuchagua kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Chukua kipande cha eshi ukitazame kwa kichwani, mahali msumeno ulipopita. Utaona pete za kila mwaka, na kila pete ina sehemu mbili: ya mwanzo wa msimu yenye matundu makubwa unayoyaona kwa macho, na ya baadaye iliyoshikana. Ni kama kitabu chenye kurasa laini na ngumu zikipishana. Ufa unapoingia haukati kurasa zote kwa mkupuo. Hupenda kukimbilia kwenye kurasa laini na kufuata urefu wa mbao. Eshi huchanika kama muwa, kwa nyuzi ndefu, na mara nyingi vipande vinabaki vimening'inia. Kabla ya hapo hulia. Mchezaji anayelijua gongo lake husikia sauti imebadilika, kutoka mlio wa kengele hadi mlio wa debe, akalibadilisha.

Mpingo wako hauna tabia hiyo, fundi. Umewaona wachongaji wa Changamwe wanavyouchonga: huruka vipande vifupi, vigumu, vyenye makali. Ni mbao tukufu kwa kinyago na kwa zumari, lakini ukizidiwa hukatika ghafla bila kuaga. Halafu kuna uzito. Mita ya ujazo ya eshi kavu ni kama kilo 700. Ya mpingo inapita kilo 1,200, ndiyo maana ukiutupa majini unazama. Gongo la umbo lile lile litakuwa na uzito unaokaribia mara mbili, na mtoto wa miaka 11 hawezi kulizuia likishaanza kwenda. Gongo usiloweza kulisimamisha njiani ni hatari hata kama ni zima. Mninga nao sifa yake ni kutulia, haupindi wala haupasuki ovyo ukikauka, ndiyo maana tunaupenda kwa milango na vitanda. Mshtuko si kazi yake. Weka vyote viwili, utamtengenezea mama yake kitu kizuri.

Jambo ambalo wewe kama fundi wa pwani utalielewa kuliko hata wengi wa huko ni hili. Umewahi kuwaona waundaji wa majahazi wakitafuta mataruma? Hawachukui ubao ulionyooka wakaukata kwa umbo la pinde. Wanatembea porini wakitafuta tawi au shina lililojipinda lenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mbavu za chombo mwanzo hadi mwisho. Taruma lililokatwa kwenye ubao ulionyooka lina mahali ambapo nyuzi zimekatizwa, na bahari huijua sehemu hiyo kabla yako. Gongo la halingi ni taruma dogo. Hukatwa kwenye kitako cha mti, mita 1.3 hivi za chini kabisa, pale shina linapopanuka kuingia kwenye mizizi. Nyuzi zinashuka zimenyooka kwenye mpini, halafu zinageuka pamoja na bapa kuelekea kisigino chake. Miti hukatwa ikiwa na miaka 25 hadi 35 tu, na kila mti hutoa magongo machache, maana sehemu ya juu haina pindo hilo.

Gongo lililomchana mwanao sijaliona, lakini ningekuwa mtu wa kuweka dau, ningesema limetoka kwenye ubao ulionyooka, au upande wa kitako ambapo nyuzi ziligeuka mapema au kuchelewa. Mwombe mwenye nalo akupe vipande uvitazame. Sehemu iliyokatika ikiwa fupi, yenye mteremko kama mdomo wa filimbi, nyuzi zilikuwa zinatoka pembeni. Ikiwa imechanika kwa nyuzi ndefu kama ufagio, mbao ilikuwa nzuri na ilizidiwa tu. Ikiwa na doa la kahawia au mbao inavunjika kama biskuti kavu, hapo kuna ugonjwa.

Na ugonjwa upo kweli. Kuvu aitwaye Hymenoscyphus fraxineus, anayekausha miti ya eshi kuanzia vilele, aligunduliwa Ireland mwaka 2012 katika kaunti ya Leitrim, kwenye miche iliyoletwa kutoka nje, na tangu hapo ameenea nchi nzima. Mti ulioshikwa huwa mkavu na mwepesi kuvunjika kwa namna usiyoweza kuitabiri, na madonda yake mara nyingine hujitokeza pale pale kitakoni, sehemu ya gongo. Ukienda kununua mbao kwa mchanaji, kataa kipande chochote chenye madoa kwenye kitako hata akikupa kwa nusu bei. Nasema kataa, wala usijadili.

Marekani walijifunza somo la nyuzi kwa gharama. Wachezaji wa besiboli waliacha eshi kwa wingi wakahamia kwenye mepo (kwa Kiingereza maple), mbao ngumu yenye matundu madogo yasiyojipanga kwa pete. Mepo ilikuwa inakatika vipande viwili na kile kirefu kinaruka kuelekea kwa watu. Mwaka 2008 ligi kuu yao iliwaita wataalamu wa mbao, wakiwamo wa maabara ya serikali ya mazao ya misitu iliyoko Madison, Wisconsin. Walipokagua vipande vilivyovunjika wakakuta shida kubwa ni nyuzi zilizokwenda mshazari kwenye mpini. Dawa yao ni rahisi kiasi cha kushangaza: kwenye mpini wa gongo la mepo hudondoshwa tone la wino. Wino hukimbia kufuata matundu ya mbao na kuchora mstari, na mstari huo ukiachana na urefu wa gongo kwa pembe inayozidi digrii 3, gongo linakataliwa. Magongo yanayokatika vipande vipande yalipungua kwa zaidi ya nusu. Hawakubadilisha mti. Waliusoma tu.

Tone hilo la wino unaweza kulitumia nyumbani. Kwa eshi macho yanatosha: simamisha kipande, tazama ubavuni, na ufuatilie uzi mmoja kutoka mwisho wa mpini hadi shingoni. Ukitoka nje ya mbao kabla ya kufika, hicho si kipande cha gongo. Digrii 3 ni kama milimita 5 kwa kila sentimita 10. Kazi ya rula na kalamu.

Kuhusu plastiki nitakuwa mfupi, kwa sababu jibu si ndiyo wala hapana. Kwa watoto wadogo wanaoanza, magongo ya plastiki laini na mipira myepesi ni chaguo zuri sana na hata makocha huwapa. Kwa umri wa mwanao kuna magongo ya viwandani ya nailoni na ya faibaglasi, na siku hizi hata ya mwanzi uliogandishwa kwa gundi. Faida yake ni kwamba la leo linafanana na la kesho, jambo ambalo mti hauwezi kukuahidi, na maji hayaliingii. Hasara ni mbili. Ya kwanza, lililo gumu kuliko eshi likigongana nalo, eshi ndilo litakalovunjika, kwa hiyo usalama wa mwanao unakuwa hatari ya mwenzake. Ya pili, la faibaglasi huchoka ndani kwa ndani. Tabaka zinaachana huku ngozi ya nje inang'aa. Gonga kwa sarafu kuanzia juu hadi chini, kidogo kidogo: mlio ukiwa mkali kote ni sawa, ukikuta mahali panaposikika pamekufa, kama unagonga kadibodi, litoe kazini. Na likichubuka mwishoni, nyuzi za glasi zinazojitokeza hukata kama wembe.

Wenzetu wa hoki, mpira wa magongo tunaoujua Nairobi na Dar es Salaam, waliyapitia haya kabla. Magongo ya mforosadi kutoka Sialkot ya Pakistan na Jalandhar ya India yalipoanza kupisha yale ya kaboni, mipira ilianza kwenda kasi kupita uwezo wa mabeki kukwepa. Kanuni zao za kimataifa leo zinaweka kikomo: gongo lisizidi gramu 737, lipite kwenye pete ya milimita 51, pindo lake lisizidi milimita 25, na lisiwe na sehemu yenye makali. Naipenda kanuni ya pete. Haihitaji maabara, pete yenyewe inatosha. Halingi nayo inasema bapa lisizidi upana wa sentimita 13, basi pima kabla hujamaliza kuranda.

Sasa tushike patasi. Urefu kwanza, kwa sababu wazazi wengi hununua kubwa "akue nalo". Mtoto asimame wima, gongo likiwa limesimama ubavuni mwake ncha ya bapa chini. Mwisho wa mpini ufike kwenye mfupa wa nyonga, usipite. Gongo refu hufanya uzito ukae mbali na mikono, na uzito ulio mbali ndio unaomshinda mtoto kuuzuia. Ukitaka kupunguza gramu, punguza kwenye bapa. Usiguse shingo. Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye magongo ya kutengenezwa nyumbani ni fundi kuipendezesha shingo, akaifanya nyembamba kama ya twiga. Acha ipungue polepole, bila kona yoyote ya ghafla kati ya mpini na bapa, maana kila kona ni mwaliko kwa ufa.

Mwisho wa mpini uuache umepanuka na kuviringwa kama kichwa cha mchi. Unazuia gongo lisichomoke mkononi na kuwa mkuki, na mtoto akirudi nyuma kwa ghafla, kitakachomgusa mwenzake ni kitu butu. Kingo zote za bapa zipige msasa mpaka soksi ya nailoni ipite juu yake bila kunasa. Hicho ndicho kipimo changu, nakitumia hadi leo: vaa soksi mkononi kama glavu, pitisha kiganja polepole pande zote. Mahali inaponasa, ngozi ya mtoto itanasa.

Utaona magongo ya huko yamefungwa ukanda wa bati kwenye bapa. Una kazi: unazuia bapa lisipasuke kwa urefu, na likipasuka vipande vinabaki pamoja. Lakini ukanda uliopigwa vibaya ni kisu. Kunja ncha zake ndani, vichwa vya misumari vizame, na ncha za misumari zisitokeze upande wa pili hata kidogo. Kila baada ya mechi pitisha ile soksi. Utepe wa kitambaa kwenye mpini nao husaidia kwa namna hiyo hiyo. Fikiria kioo cha mbele cha gari: hupasuka, lakini utando wa ndani hukishika kisimwagike usoni. Utepe ni utando huo. Ila utepe huohuo huficha nyufa, kwa hiyo uvue kila mwezi, utazame mpini ukiwa uchi, ndipo ufunge mpya.

Mbao iliyokaushwa kupita kiasi hupoteza ule uchanikaji wa muwa na kuanza kukatika. Majira ya baridi nyumba za huko zina hita ukutani, na watoto wana tabia ya kuegemeza gongo lililolowa hapo likauke. Mkataze. Likauke lenyewe mahali penye hewa, na mara kwa mara lipake mafuta ya kitani kwa kitambaa, safu nyembamba, hasa kichwani mwa nyuzi ambako maji huingia na kutoka kwa haraka.

Kutengeneza lililovunjika? Bapa lililopasuka kidogo unaweza kulitia gundi, kulibana na kulifunga ukanda. Shingo au mpini, hapana. Kijana nikiwa bado nacheza hoki niliwahi kufunga ufa wa mpini kwa utepe kwa sababu sikuwa na pesa ya gongo jingine, na mwenzangu wa timu akashonwa nyuzi nne juu ya jicho. Sijausahau uso wake. Mpini uliovunjika ukauwekee jembe la bustanini.

Kwa mama yake naomba umwambie hivi. Tangu 2010 kila mchezaji wa halingi, mkubwa kwa mdogo, analazimika kuvaa helmeti yenye waya wa kukinga uso, na waya huo umeokoa macho mengi. Amtazamie mwanawe kama helmeti ina alama ya kiwango cha Ireland, IS 355, kama inamkaa bila kucheza, na kama hakuna aliyekata waya hata mmoja ili "aone vizuri". Watoto hufanya hivyo. Mkono unaoshika gongo uvae glavu yenye mto mgongoni. Hayo mawili yana uzito kuliko gongo lolote utakalolichonga, na nasema hivyo nikiwa mtu wa magongo.

Na ukishapata ubao wa kitako unaokuridhisha, usitoe gongo moja. Toa mawili, yakilala pamoja ubavu kwa ubavu kwenye kipande kilekile. La kwanza ni la kuvunja. Bana mpini kwenye jiliwa pale mtoto anaposhika, bapa likibaki nje hewani. Vaa miwani ya kazi, watoto watoke chumbani. Funga kamba karibu na bapa, tundika dumu tupu la lita 20, na ulijaze maji polepole. Likijaa ongeza la pili, la tatu ukilazimika. Sikiliza. Eshi nzuri itaanza kulalamika mapema, tik, tik, itapinda mpaka uone aibu kwa kuitesa, halafu itachanika na dumu litashuka huku nyuzi bado zimelishika bapa. Hapo mpe mtoto lile la pili akacheze. Lakini likikatika kwa mlio mmoja kama bunduki, na vipande viwili safi vikaanguka sakafuni, chukua na ndugu yake pia, hata kama umelimaliza na limependeza, ukawashie moto.